Mchezaji Hewa

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Wageni wakishuka uwanja wa ndege husema wameshawahi kuiona mahali fulani, hawakumbuki wapi, na sisi hutabasamu, tukawagongea mihuri kwenye pasi zao, wakaingia. Ni nchi ya amani. Ina mito miwili, ina wizara nyingi, na ina mchezo mmoja unaopendwa na kila mtu, yaani mpira wa kikapu. Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye Rais wetu, aliucheza ujanani, na inasemekana hakuwahi kukosa mtupo hata mmoja. Wote waliocheza naye wanalikubali jambo hilo, wale waliobaki.

Habari ninayoisimulia ni ya mchezaji aliyeitwa Makungu Faki. Naisimulia kama ilivyotokea, bila kutia chumvi, maana siku hizi chumvi nayo inahitaji kibali.

Makungu hakuwa mtu wa kutazamwa. Hakuwa mrefu kuliko wenzake, hakuchora nywele, na akiwa uwanjani hakupiga kelele. Kazi yake katika timu ya taifa ilikuwa moja: kumkaba mfungaji hatari wa timu pinzani. Nasema kumkaba kwa maana ya kimchezo. Alisimama kati ya mtu wake na mpira, akasogea mtu anaposogea, akatangulia kufika pale mwenzake alipokuwa anataka kwenda. Hakuruka ovyo. Hakunyoosha mkono kupora mpira isipokuwa umeletwa mbele yake kama chai. Basi wapinzani wakiinua macho kutafuta wa kumpa pasi, walimwona mfungaji wao amefunikwa na Makungu, wakapeleka mpira kwingine. Wafungaji mashuhuri wa nchi tatu waliwahi kulalamika kwamba ukikabwa na Makungu unarudi nyumbani na shati kavu.

Aliishi na dada yake, Kazija, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kazija alikuwa nesi katika zahanati ya mtaa wao. Aliwachanja watoto. Kila asubuhi kina mama walipanga foleni na watoto wazima wanaolia, yeye akawachoma sindano, wakaondoka na watoto wazima wanaolia zaidi. Makungu alimpenda dada yake kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyeelewa kazi yake bila kuelezwa.

"Leo ilikuwaje?" Kazija alikuwa akimuuliza kila akirudi.

"Hakikutokea kitu."

"Vizuri. Hata kwangu."

Walikula, wakalala.

*

Zamani walinzi wa timu yetu walichaguliwa kwa kutazamwa. Palikuwa na Kamati ya Macho, wazee wenye heshima waliokaa kwenye makochi jukwaa kuu, wakinywa chai na kutazama mechi baina ya sambusa moja na nyingine. Macho yao yaliwaona wanaoruka juu, wanaopiga kelele, na wanaoanguka kwa madaha. Aidha, kwa namna ambayo sayansi haijaieleza, yaliwaona vizuri zaidi wachezaji waliotoka wilaya za wanakamati. Makungu alichaguliwa kwa sababu mzee mmoja alimfananisha na mtu mwingine. Wananchi walinung'unika kwa miaka. Kwa hiyo Mheshimiwa Kitwana Lubisi, Waziri wa Vipimo na Michezo, alipotangaza kwamba macho yamestaafishwa na kuanzia sasa wachezaji watapimwa kwa takwimu, tulishangilia kwa moyo. Hata mimi nilishangilia.

"Namba haina kabila," alisema Waziri. "Namba haina mjomba. Namba haili sambusa."

Aliitwa Daktari Asumpta Kyando kutoka chuo kikuu aje kuhesabu. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani mikubwa, aliyependa mpira wa kikapu kuliko alivyopenda vyuo. Akaambiwa ahesabu vitu viwili kwa kila mlinzi: mipira aliyoipora na mitupo aliyoizuia kwa mkono.

"Mheshimiwa," alisema kwenye kikao cha kwanza, "hivi viwili vinahesabu kinachotokea. Mlinzi mzuri mara nyingi kazi yake ni kufanya mambo yasitokee."

Waziri alitafakari. Alikuwa mtu wa kutafakari.

"Tuanze na kinachotokea," alisema. "Kisichotokea tutakitengea bajeti mwaka ujao."

Ili namba zisichafuliwe, ulitolewa Waraka wa Macho. Ulituruhusu wananchi kuingia ukumbini na kutazama mechi kama kawaida, ila ulikataza mtu kutoa maoni juu ya mlinzi yeyote kwa msingi wa kuwa amemwona. Kutazama kuliruhusiwa. Kuona ndiko kulikokuwa kosa.

*

Aliyenufaika na utaratibu mpya ni Rogasiani, kijana mwepesi aliyepewa jina la Mwewe kwa jinsi alivyopora mipira. Alikuwa pia mpwa wa Mlezi wa Taifa, lakini hilo halihusiani. Mwewe alikuwa na tabia ya kumwacha mtu wake na kuukimbilia mpira popote ulipo. Akiupata, ukumbi ulilipuka, na Daktari Asumpta aliandika moja. Akiukosa, ambayo ndiyo hali ya mara kwa mara, yule aliyeachwa peke yake alitembea hadi kwenye kikapu akaweka mpira kama mtu anayeweka kofia kwenye msumari, na hakuna kilichoandikwa, kwa sababu hapakuwa na safu ya kukiandikia.

Mwisho wa msimu Mwewe alivishwa nishani ya Mporaji Bora wa Taifa. Cheo hicho kilileta ushindani mkubwa, na si wanamichezo peke yao waliojiona wanastahili.

Makungu alipata sifuri ya mipira na sifuri ya mitupo.

Bahati yake mbaya ni kwamba mwaka huohuo serikali ilikuwa inawasaka wafanyakazi hewa, wale wanaopokea mshahara na hawapo. Mashine ya kuwasaka ilipewa namba zote za nchi, izichambue. Ikakutana na mtu anayelipwa kila mwezi na ambaye, kwa mujibu wa takwimu rasmi, hajafanya kitu. Mashine haikusita. Makungu aliposimama dirishani benki asubuhi moja, karani alimtazama, akaitazama kompyuta, akamtazama tena.

"Kaka, samahani," alisema kwa huruma. "Wewe hupo."

*

Shauri lake lilisikilizwa hadharani katika ukumbi wa Wizara, na Waziri mwenyewe aliketi kiti cha mwamuzi. Aliyemhoji alikuwa mwanasheria wa Wizara, mtu aliyejua sheria zote na hakujua mchezo hata mmoja.

"Kazi yako ni nini?"

"Kukaba."

"Kukaba nani?"

"Yeyote ninayepangiwa."

"Mchana au usiku?"

"Inategemea ratiba."

Mwanasheria aliandika kwa furaha.

"Na ukishamkaba, unamnyang'anya nini?"

"Simnyang'anyi kitu."

"Kwa hiyo," alisema mwanasheria akiwageukia watu, "unakaba watu bila faida yoyote kwa taifa."

Aliitwa Kocha Bwire, aliyekuwa ameifundisha timu ya taifa tangu kiwanja chake kilipokuwa cha udongo. Alikuwa mzee mnene, mgonjwa wa sukari, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mimi huyu nimemwona," alianza.

"Umefanya nini?" aliuliza Waziri kwa upole.

Kocha akaukumbuka Waraka. Akafumba mdomo. Ushahidi wake ukaishia hapo.

Ndipo aliposimama Daktari Asumpta. Alikuwa amekonda. Alisema kwamba kwa wiki nyingi amekuwa akitengeneza namba nyingine, na ni nyepesi hata mtoto angeielewa. Unatazama wapinzani wanafunga pointi ngapi mchezaji fulani akiwa uwanjani, halafu unatazama wanafunga ngapi akiwa amekaa benchi. Tofauti yake ndiyo kazi yake.

"Makungu akiwa uwanjani, wapinzani wanafunga nusu ya wanavyofunga akitoka," alisema. "Hakuna mlinzi mwingine aliyekaribia. Namba zangu za kwanza hazikumwona. Hizi zinamwona."

Watu ukumbini walianza kuguna kwa ridhaa, maana ilikuwa mara ya kwanza namba kusema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekatazwa kukiona.

Waziri aliinua kidole. "Namba hiyo inasema juu ya Makungu tu?"

"Inasema juu ya kila mchezaji, Mheshimiwa."

"Hata Rogasiani?"

"Hata yeye."

"Inasemaje?"

Daktari Asumpta alimtazama Mwewe, aliyekaa safu ya mbele na nishani yake kifuani. Nadhani alimwonea huruma, kwa sababu alikawia kujibu.

"Inasema kwamba akiingia, wapinzani hufunga zaidi."

Mwewe alitazama viatu vyake.

Macho na namba vilikuwa vimekubaliana, na siku hiyohiyo vyote viwili vilitolewa nje. Namba mpya iliwekwa chini ya uchunguzi hadi itakapojirekebisha. Daktari Asumpta alihamishiwa wilaya ya kaskazini akapime mvua, katika kituo ambacho hakijaona mvua tangu kilipojengwa. Kila asubuhi aliandika sifuri, na inasemekana alimwandikia rafiki yake kwamba ndiyo sifuri ya kwanza ya haki aliyoipata katika utumishi wake.

Makungu alitamkwa rasmi kuwa mchezaji hewa. Alirudi nyumbani kwa miguu. Kazija alikuwa amepika wali na samaki wa kupaka, chakula cha sikukuu, kwa kuwa alijua yatakayotokea na hakutaka yatokee juu ya njaa.

"Dada, mimi sielewi," alisema Makungu. "Kama wangeniambia nacheza vibaya ningejirekebisha. Wanasema sipo. Mtu asiyekuwepo anajirekebishaje?"

Kazija alichukua upawa. Alimwongezea wali.

*

Halafu ikaja mechi na nchi jirani. Siwezi kueleza uzito wake kwa mtu asiyekuwa na jirani. Ukumbi wa Umoja ulifurika. Mlezi wa Taifa alikuwepo na mawaziri wake wote, na waliobaki nje walisikiliza redio.

Jirani walikuwa na mfungaji mmoja aliyeitwa Ekiru, mtu mwenye mabega kama mlango na mkono laini ajabu. Kwa kawaida angekabwa na Makungu. Alikabwa na Mwewe. Katika nusu ya kwanza Mwewe alipora mipira minne, na kila mara Mlezi wa Taifa alisimama akapiga makofi, na sisi tukasimama. Katikati ya hayo Ekiru alifunga alivyotaka, kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, na mara moja akitazama pembeni. Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi ishirini na moja. Mtangazaji aliwatangazia wananchi kwamba tunaongoza kwa uporaji.

Yaliyotokea chumba cha kubadilishia nguo nimeyasikia kwa watu wawili na hawakutofautiana. Mwewe alikaa chini, akajifunika taulo kichwani. Kocha Bwire alianza kuchora mipango ubaoni. Mwewe akasema kutoka ndani ya taulo:

"Kocha, mwite Makungu. Mimi simwezi yule mtu."

"Makungu hayupo. Serikali imesema."

"Nilimwona mlangoni. Amelipa tiketi."

Kocha aliweka chaki chini. Alikwenda mwenyewe hadi jukwaa la nyuma, akipumua kwa shida, akamkuta Makungu ameketi na dada yake wakila karanga.

"Njoo ucheze."

"Kocha, mimi nimefutwa. Jina langu halimo popote."

"Ndiyo maana hakuna atakayeweza kukuzuia," alisema Kocha. "Wamzuie nani?"

Makungu alimtazama Kazija. Kazija alichukua mfuko wa karanga mkononi mwake, akampa njia.

Marefa walikuwa wageni, hawakujua mambo yetu. Waliona wachezaji watano upande huu na watano upande ule, wakapuliza filimbi. Karani wa mezani, aliyeendesha mashine ya Wizara, alijaribu kuingiza jina la Makungu, mashine ikakataa. Akaacha nafasi tupu. Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, nusu ya pili ya mechi ile tuliicheza wanne.

Natamani ningeweza kusimulia alichofanya Makungu, lakini kukisimulia ni kugumu kwa sababu hakufanya kitu. Ekiru alikimbilia kona, akamkuta kule. Alirudi katikati, akamkuta. Aliomba mpira kwa mkono, aliyekuwa na mpira akasita, akaghairi. Ekiru alijaribu kumsukuma, Makungu akarudi nyuma nusu hatua na kubaki mbele yake. Kadiri dakika zilivyokwenda, yule mtu mwenye mabega kama mlango alianza kupiga kelele kwa wenzake, kisha kwa kocha wake, kisha akanyamaza na kusimama tu pembeni, mikono kiunoni. Ukumbini tulikuwa tunatazama kwa bidii, na hakuna aliyethubutu kuona. Upande wa pili, Mwewe, aliyepunguziwa mzigo, alikimbia akafunga kama kijana aliyefunguliwa kamba.

Tulishinda kwa pointi moja.

Mwewe ndiye wa kwanza kumkumbatia Makungu. Mlezi wa Taifa aliteremka uwanjani kuwapa mikono mashujaa. Alimpa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Makungu alikuwa wa nne kwenye mstari, amenyoosha mkono, jasho linamtiririka. Mlezi wa Taifa, ambaye alikuwa ameelezwa vizuri na wasaidizi wake, alipita mbele yake kama anavyopita mtu mbele ya nguzo, akampa mkono Mwewe.

*

Kesho yake Waziri aliita waandishi wa habari. Alisema dunia haijawahi kushuhudia ushindi kama huo, wanne kuwashinda watano, na kwamba ni matunda ya takwimu. Waandishi waliandika. Wote walikuwa ukumbini usiku uliopita, na wote waliandika.

Hata hivyo watu walikuwa wananong'ona mitaani, na Wizara ilijua. Jioni hiyo Kocha Bwire alikamatwa kwa kosa la kuingiza hewa katika ukumbi wa serikali. Siku ya pili Makungu aliitwa kwa Waziri. Alipewa kiti kizuri na chai ya tangawizi.

"Ndugu Makungu," alisema Waziri, "hapa hakuna anayekuchukia. Binafsi nilipenda ulivyocheza, kama ningekuwa nimeona. Nenda redioni, useme maneno mawili tu. Sema siku ile hukuwepo. Kocha atarudi kwake, na wewe utarudishwa kwenye orodha ya walio hai."

"Nikisema sikuwepo, mtanirudishaje?"

"Utakuwepo kuanzia kesho. Juzi ndiyo hukuwepo."

"Na nikikataa?"

Waziri alionekana kuumia kweli. "Kocha ni mgonjwa. Kule aliko hawana friji ya kuwekea dawa yake. Nimewauliza mwenyewe."

Makungu alikwenda nyumbani akamweleza dada yake. Kazija alikuwa anafua. Alikamua shati alilokuwa nalo, akalianika kwanza.

"Sema," alisema mwishowe. "Mzee wa watu atafia ndani kwa ajili ya mpira. Wewe unajua kwamba ulikuwepo, mimi najua. Yatosha."

Akaenda kusema. Wengi wetu tulisikia. Alisema jina lake, akasema siku ya mechi hakuwepo uwanjani, na kwamba timu ilishinda ikiwa na wachezaji wanne. Halafu ukapigwa muziki. Kocha Bwire aliachiwa kabla muziki haujaisha, maana serikali yetu ikiahidi hutimiza.

*

Hapo ndipo mambo yalipotoka ukumbini yakaja majumbani.

Ulitangazwa Mkakati wa Wanne. Kama wanne wameweza kuwashinda watano, alisema Waziri, basi kila penye watano pana mmoja anayekula bure. Kila idara, kila kituo, kila ofisi iliyokuwa na watano impunguze mmoja, yule mwenye takwimu ndogo kuliko wenzake. Walianza na walinzi wa tuta la mto, ambao kwa miaka kumi hawakuwa na mafuriko yoyote ya kuonyesha. Wakafuata zimamoto. Kisha zikaja zahanati.

Zahanati ya mtaa wetu ilikuwa na manesi watano. Wanne walitibu wagonjwa, na namba zao zilikuwa nzuri. Kwenye safu ya wagonjwa waliotibiwa, Kazija alikuwa na sifuri. Aliwaeleza kwamba yeye huwachoma sindano watoto wasiougua ili wasiugue. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza ni wangapi hasa ambao hawakuugua kwa sababu yake, na kama anaweza kuleta majina yao. Kazija alifungasha vitu vyake mchana huohuo.

Mwaka mzima ulipita kimya. Kisha surua ikaingia mtaani.

Ilianza nyumba za karibu na soko, ikapanda kilimani. Kazija alirudi zahanati bila kuitwa na bila mshahara, akasimama na wenzake kutwa nzima kati ya mikeka iliyotandikwa hadi uani, macho ya watoto mekundu, ngozi zao zinawaka. Chanjo hazikuwepo, hazikuagizwa, kwa kuwa aliyekuwa akiziagiza alipunguzwa. Makungu alikwenda naye, akabeba maji, akabeba watoto, akabeba chochote alichopewa.

Takwimu za zahanati yetu zilipanda mno. Kutoka wagonjwa wachache kwa wiki zilifika mamia. Waziri alikuja mwenyewe na kombe, akampongeza mganga mkuu kwa uchapakazi, wakapiga picha uani, baada ya mikeka kusogezwa kidogo.

Miongoni mwa watoto waliokufa alikuwa Shadya, binti wa jirani yao aliyeitwa Bi Tatu. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa na mazoea ya kumsubiri Makungu kizingitini ili amwinue juu aguse mlango. Makungu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Halikuhitaji watu wengi, lakini watu wengi walitaka kulibeba.

Baada ya mazishi alikwenda kumpa pole mama yake. Bi Tatu alikuwa ameketi sakafuni, kanga kichwani, amechoka kulia.

"Makungu," alisema bila hasira, "mimi nilikwenda kwenye ile mechi. Nilikuona. Ulimkaba yule mtu mpaka akakaa pembeni."

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Mbona ulisema hukuwepo?"

Makungu alifungua mdomo amweleze habari za Kocha na dawa na friji. Zote zilikuwa kweli. Lakini hakuweza kuzitamka mbele ya yule mama, akabaki ameinama hadi Kazija alipomshika mkono wakaondoka.

Njiani Kazija alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia useme."

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema Makungu.

*

Ligi mpya ilifunguliwa kwa mechi ya wanne kwa wanne. Ukumbi wa Umoja ulijaa, ingawa watu walikuja na nyuso za msibani, na wengi walikuwa msibani kweli. Waziri alisimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, akaeleza kwamba taifa limepiga hatua, kwamba tulichopunguza hakikuwepo, na kisichokuwepo hakiwezi kukosekana.

Makungu alishuka kutoka jukwaani. Hakukimbia. Alivuka mstari wa uwanja, akaenda akasimama na timu yake, wakawa watano. Kocha Bwire alimwona, akasimama kutoka benchi kwa shida, akavua kofia.

"Mheshimiwa," alisema Makungu. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji kipaza sauti. "Ile siku nilikuwepo. Nilisema uongo redioni. Tulishinda tukiwa watano, na zahanati ilikuwa inahitaji watano."

Polisi wawili walisogea. Waziri aliwazuia kwa mkono, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu na alijua kumkamata ni kukiri kwamba yupo.

"Wananchi," alisema akitabasamu, "nasikia sauti, ila mimi sioni mtu. Kuna yeyote hapa anayemwona mtu? Ainue mkono."

Nilisikia taa za ukumbi zikivuma.

Kazija aliinua mkono. Alikuwa amekaa peke yake safu ya juu, na mkono wake ulionekana mwembamba sana.

Kisha Mwewe, palepale uwanjani, hatua moja kutoka kwa Waziri, alivua nishani yake, akaishika kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia. Mjomba wake alikuwa anamtazama kutoka jukwaa kuu. Mwewe hakutazama huko. Akafuata Bi Tatu. Akafuata Kocha. Halafu mikono ikaanza kuinuka huku na kule, mmoja, mitatu, safu nzima, mpaka nyuma yangu na mbele yangu hapakuwa na mkono uliobaki pajani, na wangu ulikuwa juu.

Waziri alimwamuru karani wa meza ahesabu. Karani alisimama, akaanza upande wa mlangoni, akafika katikati, akapotea, akaanza upya. Jasho lilimtoka. Alimtazama Waziri, na Waziri akamtazama. Basi akainamia mashine yake akaandika, na ubao mkubwa juu ya uwanja ukawaka: SIFURI.

Tuliusoma wote. Hakuna aliyeshusha mkono.